Mkaguzi wa Maua

Mkaguzi hakuwa akija kututazama sisi. Alikuwa akija kuyatazama maua, na sie tukiamkiwa kwa sababu tumesimama karibu nayo. Atafungua geti, atatoa salamu moja ya kutosha watu wote, kisha ataelekea moja kwa moja kwenye vyungu vya mama vilivyopangwa ukutani. Atainama, atatia kidole cha shahada ndani ya udongo mpaka fundo la pili, atakitoa, atakinusa. Mama yangu keshasimama mlangoni na mtandio wake, kimya, kama mwalimu mgeni anayesubiri kuambiwa darasa lake limefeli.

Kazi yake ya zamani ilikuwa ukaguzi wa skuli. Alipostaafu serikali ilichukua ofisi ikamwachia tabia. Huku Ansab, mtaa wa Maskati, tunakaa watu wengi wa asili moja, wenye Kiswahili cha jikoni na Kiarabu cha benki, na katika nyumba zote hizo sikusikia mtu akimwita kwa jina lake. Hata mkewe alikuwa akisema, "Mkaguzi kalala," au "Mkaguzi hali pilipili siku hizi." Mie nilimwita Ami Mkaguzi tangu nikiwa msichana wa chuo. Nikaolewa, nikaachwa, nikarudi kwa mama, na yeye nikamkuta vile vile, kanzu imenyooka, kalamu mbili kifuani, moja ya buluu kwa maelezo na moja nyekundu kwa alama.

Ndiyo, alitoa alama. Alikuwa na kijidaftari cha kuchana karatasi, na kila chungu alichokikagua kiliachiwa karatasi yake, hali ya mmea na alama zake kwa kumi. Mrehani wa nyumba ya pili ulipata nne, "hafifu, unahitaji uangalizi." Mwaridi wa mama ulipata sita mwaka mmoja, na hiyo ilikuwa alama ya juu kabisa mtaani. Mama aliiweka karatasi ile ndani ya kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya vikombe vya kahawa. Nilimcheka sana. Yeye akasema nicheke tu, Bi Thureya wa ng'ambo alipewa tatu.

Alikuwa na msemo aliokuwa akiuleta penye chungu chochote kilichonyauka. "Ua halifi," atasema, "ua huuawa." Akishasema hivyo huinua kichwa na kutupitia mmoja mmoja kwa macho, mama, mie, mtumishi, mgeni aliyekuja kunywa chai na asiyejua hata chungu kiko upande gani. Kila mtu alijihisi ana la kujibu. Mume wa dada mmoja wa mama, mtu mzima mwenye cheo chake, aliwahi kujikuta anaeleza alikuwa wapi siku ya Jumatatu.

Matibabu yake yalikuwa mengi na yakibadilika kama hali ya tumbo. Jani likigeuka manjano, Jumapili atasema jua limezidi, sogezeni ndani. Jumatano atasema jua limepungua, rudisheni nje. Aliagiza maganda ya mayai, majani ya chai, maji ya kuoshea mchele, msumari wenye kutu wa kuchomekwa mizizini ili mmea upate chuma. Mwezi mmoja alikuwa anaamini aspirini. Mmea ukipona, alisimama mbele yake akaeleza kwa urefu namna alivyouponya. Ukifa, alisema tulichelewa kumwita, na hali hakuna aliyepata kumwita hata siku moja.

Bi Thureya ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa na hibiskasi nyekundu, nzuri, inachanua mpaka inapitiliza ukuta. Mkaguzi akamwambia mmea hunywa wakati wa kiu, na kiu ya mmea ni saa sita mchana, kwa hiyo amwagilie saa hiyo kwa mpira. Kila mtu anajua kwamba hapa Maskati miezi ya joto maji ya tangi lililo juu ya nyumba hutoka bombani yanafuka moshi. Tunaoga kwa maji ya hita iliyozimwa kwa sababu ndiyo yaliyopoa. Bi Thureya naye alijua hayo, lakini Mkaguzi alikuwa keshaandika kwa kalamu ya buluu. Akaichemsha hibiskasi yake kama mhogo, siku tatu mfululizo. Tangu hapo, akisikia viatu vya Mkaguzi mtaani, huchukua chungu chake kizuri kilichobaki na kukificha bafuni, akafunga mlango kwa ufunguo.

Na nyumbani kwake mwenyewe? Niliingia mara nyingi. Ukumbi mzima umejaa maua, yote ya plastiki. Mkewe aliyanunua baada ya, kama alivyoniambia kwa sauti ya chini, kuchoka na mazishi. Aliyaosha kila mwezi kwa sabuni ya vyombo, na Mkaguzi alipita katikati yake akiwa njiani kwenda kutukagua sisi.

Ningeweza kuendelea kumcheka hivi mpaka kesho. Lakini hapana budi niseme na hili, maana bila ya hili mtu hataelewa yaliyofuata. Baba yangu alipofariki, alifariki ghafla, asubuhi, mie niko kazini na ndugu yangu yuko safarini. Aliyefika wa kwanza ni Mkaguzi. Alimweka mkewe akae na mama, akaenda hospitali, akakimbiza karatasi zote, akabishana na makarani madirisha manne kwa Kiarabu cha juu kabisa, na kufikia Alasiri baba alikuwa keshazikwa kwa heshima zake. Hakuombwa. Na toka siku ile mpaka leo hakupata kulitaja, hata kwa fumbo. Mtu anayejisifu kwa kuotesha jani moja la mrehani, lile hakujisifia. Mama alikuwa akisema kuna watu huwezi kuwaambia hapana baada ya siku kama ile, na yeye kweli hakumwambia.

Basi mwaka ule dada yangu mdogo, Raya, aliposwa. Arusi ikapangwa ya mwezi wa kumi na moja. Mama alikuwa na asumini moja, ya chungu, si kubwa lakini haikuacha kuchanua, na akaapa kwamba kikuba cha Raya, kile kishada kidogo cha asumini na mrehani anachobandikwa bibi arusi, kitatoka kwenye asumini ile na si kwingine. Akaanza kuihesabu vitumba kama mtu anayehesabu vifaranga.

Aliyekuwa akiitunza hasa ni Prossy. Prossy alikuwa mtumishi wetu, msichana wa Kiganda tuliyekaa naye mwaka wa pili, ametoka Masaka, kwao wanalima. Alikuwa na maneno machache na mikono isiyo na haraka. Maua alimwagilia jioni, baada ya kuyaacha maji ndooni toka asubuhi yapoe. Hakuna aliyemfundisha. Mkaguzi alipomwona na ndoo ile alimuuliza anafanya nini, naye akamjibu kwa adabu, "Maji ya bomba inapika, Baba." Mkaguzi aliniangalia mie, kama niliyemruhusu mwanafunzi ajibu kabla ya kunyoosha mkono.

Miezi miwili kabla ya arusi, Mkaguzi akaleta zawadi. Alikuwa amepita kwenye ghala moja huko Rusayl wanakouza vitu vilivyokosa soko, akakuta chungu cha kauri kirefu, cheupe, kina ndege wa buluu. Alikibeba mwenyewe toka garini, akakataa kusaidiwa. Alisema asumini ya bibi arusi haiwezi kukaa kwenye chungu cha udongo kama mboga. Mama alifurahi mpaka machozi. Siku ile ile Mkaguzi akakunja mikono ya kanzu, akaing'oa asumini, akaihamisha kwa mikono yake, akashindilia udongo, akaipa alama saba. Mtaa mzima ulipata habari za ile saba.

Wiki ya tatu majani yakaanza kugeuka manjano, yale ya chini kwanza. Vitumba vikawa vinaanguka kabla ya kufunguka, kijani hivyo hivyo. Mkaguzi akaja, akatia kidole, akanusa, akasema maji yamezidi. Hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukaguzi wa maua, alikuwa amesema kweli. Lakini kweli yake aliipeleka pabaya. Akageuka kwa Prossy, aliyekuwa anafagia, akasema huyu ndiye anayeizamisha. Mama akamkataza Prossy asiiguse tena.

Prossy alisubiri Mkaguzi aondoke, kisha akamwendea mama jikoni. "Mama, ile chungu mafi tundu," akasema, mafi ile ya Kiarabu cha mtaani, yaani hamna. "Maji inaingia, haitoki. Iko inaoza chini."

Mama akamwambia asimkosoe mzee. Siku mbili baadaye Prossy akamwambia tena, na mama akamjibu kwa ukali, jambo ambalo si kawaida yake.

Na kweli hakikuwa na tundu. Kile hakikuwa chungu cha maua. Kilikuwa chombo cha kuwekea miavuli mlangoni. Nani Maskati ana miavuli ya kuweka mlangoni sijui, na ndiyo maana kilikosa soko. Mie nilijua. Kabla hakijatiwa udongo mama alinipa nikioshe, nikakipindua, nikakuta chini kumebandikwa karatasi yenye picha ya mwavuli. Nikaibandua karatasi, nikaitupa, nikasugua gundi iliyobaki. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilidhani nitakuwa na kisa kizuri cha kuwasimulia wenzangu ofisini Qurum, na kweli niliwasimulia, wakacheka sana.

Manjano yalipofika majani ya juu kabisa, Prossy hakuvumilia. Asubuhi moja aliamka kabla yetu, akakilaza kile chungu ubavu, yakatoka maji meusi yananuka mpaka barazani. Akachukua msumari na nyundo atoboe tundu chini. Kauri haipendi msumari. Ikapasuka pande mbili, ndege wa buluu huku, ndege wa buluu kule. Aliirudisha asumini kwenye chungu chake cha zamani, akaipunguza mizizi iliyooza, akaiweka kivulini, kisha akaja kumwambia mama mwenyewe alichofanya.

Pengine mama angesamehe. Lakini Mkaguzi alifika saa nne, akaviona vigae. Alisimama juu yake kitambo. Akaokota kipande cha chini, akakigeuza, akakiangalia juu na chini, akakiweka pale pale. Halafu akaingia sebuleni akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwafukuzia walimu kazi, kwamba alikuwa hataki kusema lakini sasa imembidi. Juzi alipopita nje alimwona msichana huyu kwa macho yake anaimwagia asumini maji ya kusafishia choo, yenye dawa. Kwa hiyo mmea uliuawa kwanza, kisha chungu kikavunjwa ili kuficha.

Prossy alikuwa amesimama mlangoni. Akasema hakufanya hivyo. Akasema mara moja tu, wala hakupandisha sauti. Mama akamtazama Prossy, akamtazama Mkaguzi, na nikajua anaiona ile siku ya baba, madirisha manne na jeneza. Mkaguzi alikuwa amesema kaona kwa macho yake. Mama hakuwa na namna ya kusema mzee yule anaongopa. Mie nilikuwa nayo namna. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, kikombe mkononi, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi sana. Nilijiambia ni adabu. Mtu mzima hakanwi mbele ya mtumishi.

Prossy akarudishwa kwenye ofisi iliyomleta. Wakampeleka kwa watu wengine, bara ya mbali nje ya Maskati, amalizie mkataba wake huko. Alipokuwa anafunga mkoba alimweleza mama namna ya kuitunza asumini, maji kiasi gani, lini kuirudisha kwenye jua, na mama akaitika bila ya kumtazama. Asumini ilipona. Ila ilichanua baada ya arusi. Kikuba cha Raya kilitoka kwa Mhindi wa Ruwi anayeuza makoja ya asumini ya kufungwa kwa uzi, na siku ile mama hakutaja maua kabisa.

Mkaguzi aliacha kuja. Hakuaga wala hakueleza. Geti lilikaa kimya, na Bi Thureya akatoa chungu chake bafuni. Mwaka uliofuata mkewe akafariki, na mwanawe, mwenye vila Qurum, akamchukua akakae naye. Ile nyumba ikapangishwa. Sie tuliendelea kumcheka, mie hasa. Nilikuwa nikiigiza kile kidole chake na kile kichwa kinavyoinuka, na watu walinipenda kwa hilo.

Prossy naye akaniandikia siku moja kwenye simu. Alikuwa kesharudi kwao. Akanitumia picha ya shamba lao la maharage na salamu kwa mama, hakuna zaidi. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikamjibu kwa picha ya ua, ujinga wangu.

Iddi iliyopita mama alitengeneza mikate ya ufuta, akanipa nimpelekee Mkaguzi. Nilimkuta chumba cha juu, amekonda, fimbo ubavuni, televisheni inasema peke yake. Alinipokea vizuri, akaniuliza hali za mama. Kisha akasema anataka kunionyesha kitu, akanitoa kwenye kiveranda.

Palikuwa na mwaridi kwenye kopo kubwa la rangi. Ulikuwa na majani manne na yote yamejikunja, makavu kingoni. Niliinama nikaona kopo lenyewe. Alikuwa amelitoboa. Si tundu moja wala matano. Amelitoboa chini kote na ubavuni kote mpaka nusu, pengine kwa mikono yake, mpaka limekuwa kama kung'uto la nazi. Maji akiyatia juu yanapita yote sakafuni kabla mizizi haijayaona. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Unakufa," akaniambia. "Sijui nimekosea wapi."

 Yeye akaitazama barabara chini, magari yanapita kwenda ufukweni. Baadaye akaniuliza yule msichana yuko wapi. Nikamwambia yuko kwao. Akaniuliza kama nna nambari yake. Nikamwambia nnayo. Akasema nimpigie, amuulize habari ya mwaridi.

Tukaingia ndani, kisha akabadili mawazo, tukatoka tena, nikapiga simu ya picha. Prossy alipokea, akaniona, akacheka kwa furaha, akaniuliza hali. Nikamwambia kuna mtu ana mmea unaumwa. Mkaguzi akaichukua simu toka mkononi mwangu na kuielekeza kwenye kopo, yeye mwenyewe amejificha nyuma yake. Akaeleza dalili zote, vizuri, kwa mpangilio. Prossy akamwambia asogeze karibu, azungushe. Akasema kopo limetobolewa kupita kiasi, atafute kitambaa cha gunia akitandike ndani, ajaze udongo upya, amwagilie jioni, maji yaliyopoa. Mkaguzi alikuwa anaitika kila neno, "naam, naam," na sikupata kumsikia akiitika hivyo kwa mtu.

Kisha Prossy akauliza, "Na wewe Baba, ni nani?"

Mkaguzi akaisogeza simu karibu zaidi na mwaridi. "Mie yule mzee wa Ansab," akasema. "Nilisema nimekuona unatia maji ya dawa. Sikukuona."

Kwa upande wa pili tulisikia kuku, na mtu anapasua kuni.

"Najua hukuniona," Prossy akasema. "Mimi nilikuwepo." Kisha akasema, "Geuza simu." Mkaguzi akaigeuza. Wakatazamana. Alimwambia amekonda sana, ale. Mkaguzi akasema, "Nisamehe, mwanangu," na Prossy akamjibu kwamba alishamsamehe njiani, alipokuwa anapelekwa kule bara, kwa sababu mzigo ulikuwa mwingi na ule hakutaka kuubeba.

Mzee akafuta uso kwa kitambaa. Nikanyoosha mkono nipokee simu, niage, tumalize. Lakini Prossy aliniuliza mimi sasa, kwa jina, kama nimesikia aliyoyasema mzee. Mkaguzi akanipa simu, akashika fimbo yake, akaingia ndani pole pole, akauvuta mlango wa kioo nyuma yake.

Nikabaki na Prossy. Ningeweza kusema nimesikia, alhamdulillahi, yamekwisha. Badala yake nikamwambia habari ya chungu, kwamba nilikiosha mie kabla hakijatiwa udongo, nikaona chini hakuna tundu, nikaibandua karatasi ya mwavuli kwa kucha zangu. Na kwamba siku ile sebuleni nilikuwa najua yote.

Alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuliweka jambo na pote pamejaa.

"Ya Baba nilijua zamani," akasema. "Hii yako, madam, ndiyo sikuijua."